Askari wa Mezani

Tulipoombwa kuandika katika kitabu hiki, tulijiuliza tuandike nini ambacho wapendwa wenzetu hawatakiandika vizuri zaidi. Wako watakaoandika juu ya ugonjwa, wengine juu ya ndoa, wengine juu ya makaratasi ya uhamiaji, na Mungu awabariki. Sisi tutaandika juu ya askari wa plastiki. Wengi wenu mmewaona kwenye kabati la vioo sebuleni petu mlipokuja kwenye ibada ya jumuiya, na baadhi yenu mmetuuliza, wengine kwa upole na wengine bila upole mwingi, vitu vile vinafanya nini ndani ya nyumba ya watu wanaomwamini Yesu.

Kwa msomaji asiyetufahamu: sisi ni mume na mke, kwetu ni Kilimanjaro, na tunaishi Nottingham, katikati ya Uingereza. Mmoja wetu anatunza wazee zamu ya usiku. Mwingine anashona, kazi aliyoianzia Moshi kwenye baraza ya duka la shangazi yake. Tunaye mtoto wa kiume mmoja, amezaliwa hapa, ana miaka 15. Jumapili alasiri tunasali kwa Kiswahili katika kanisa ambalo wenyeji wametuazima, pamoja na Watanzania wenzetu, Wakenya, Warundi na ndugu wengi kutoka Kongo.

Nottingham si mji wowote tu kwa jambo hili. Watu wengi wanaujua kwa Robin Hood, lakini kuna vijana duniani kote wanaoujua kwa askari wadogo. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzia London mwaka 1975, ina makao yake makuu hapa, mtaa wa Lenton. Mchezo wao wa Warhammer ulitoka mwaka 1983, ukiwa na mashujaa, majitu na wachawi. Ule wa Warhammer 40,000, ambao vita vyake viko angani miaka mingi sana ijayo, ukafuata mwaka 1987. Mafundi waliofanya kazi pale na kutoka wakaanzisha kampuni zao ndogo humuhumu, hata wapenzi wa mchezo wakaupa mji na viunga vyake jina la Ukanda wa Risasi, kwa sababu zamani askari hao walimiminwa kwa madini yenye risasi ndani yake. Kwa Kiingereza jina hilo halimtishi mtu. Kwa Kiswahili, ambamo risasi ya fundi na risasi ya bunduki ni neno moja, linasikika vingine kabisa, na tutalirudia jambo hilo mbele.

Mchezo wenyewe unachezwa mezani kwa dadu na tepu ya kupimia, mtu na mwenzake, kila mmoja na jeshi lake. Lakini jeshi halinunuliwi tayari. Linakuja vipandevipande vya plastiki ya kijivu kwenye fremu. Unakata, unakwangua, unagundisha, halafu unapaka rangi mwenyewe, askari mmoja mmoja, na askari wa kawaida ana urefu wa milimita 28 hivi. Wapo watu wengi wasiocheza hata mara moja. Wanapaka tu. Sisi tumekuwa katika kundi hilo.

Mwanetu alikuja na boksi la kwanza akiwa na miaka 12, amelinunua kwa fedha alizopewa siku ya kuzaliwa. Ulikuwa mwaka ambao alikuwa amenyamaza. Wazazi wanaolea watoto ughaibuni wataelewa tunaposema amenyamaza: hakuwa mkorofi, hakutujibu vibaya, alitujibu neno moja la Kiingereza na kupanda ngazi. Bibi yake akipiga simu kutoka Machame alikuwa anashika simu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. Tulimwombea kila usiku, na hatuna la ajabu la kusema juu ya maombi yale isipokuwa kwamba tuliendelea nayo.

Chumba chake kina taa hafifu. Tukamwambia ashushe vitu vyake kwenye meza ya chakula, penye mwanga, ila atandike magazeti. Ilianza hivyo. Siku ambazo hakukuwa na zamu, mmoja wetu alikaa naye akimenya viazi au kupiga pindo la sketi ya mteja, bila kusema kitu. Baada ya wiki kadhaa akaulizwa kile kirangi cheusi kama chai kinafanya nini. Akaeleza. Akaulizwa tena. Akatoa brashi ya pili, akasema, “Jaribu, Mama. Usiweke nyingi.”

Tuwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana ndani yake ndimo tulimomwona mtoto wetu tena. Kwanza inapulizwa rangi ya chini, ile ambayo mafundi wa nyumba huiita praima, la sivyo rangi nyingine hazishiki plastiki. Kisha zinapakwa rangi kuu: koti, ngozi, chuma, buti. Rangi haipakwi kama ilivyotoka kwenye kichupa. Inachanganywa na tone la maji iwe nyepesi kama maziwa, na inapakwa mara mbili. Ukipaka mara moja rangi nzito, uso wote unazibwa na macho yanapotea. Halafu kinakuja kile kirangi kama chai, ambacho kinatiririka chenyewe kwenye mikunjo ya nguo na katikati ya vidole na kutuama humo kama kivuli. Mwisho unachukua rangi iliyo angavu kidogo kuliko ya mwanzo na kugusa ncha tu: ukingo wa kofia, kifundo cha kidole, daraja la pua. Hapo askari anainuka. Dakika moja iliyopita alikuwa kipande cha plastiki, sasa ni mtu aliyesimama juani.

Brashi nzuri inatengenezwa kwa manyoya ya mnyama jamii ya kicheche anayeishi Siberia, na inatunzwa kuliko kiatu cha harusi. Macho ndiyo magumu. Unashusha pumzi nusu, unazuia, unagusa, unaachia. Sisi wawili tumefanya kazi za mikono maisha yetu yote, hatukutarajia kushindwa na jicho la mdoli. Tulishindwa mara nyingi, na mtoto akacheka, na alipokuwa anatufundisha alikuwa anatafuta maneno. Hakujua kusema kwa Kiswahili “kivuli”, “ukingo”, “mkunjo”. Tukampa. Akaona Mama anajua majina kumi ya sehemu za nguo ambazo yeye hana hata moja kwa Kiingereza. Bibi alipopiga simu, kijana akamwambia amepaka pindo la joho, na bibi akataka kujua joho la nani, na mazungumzo yale yakachukua dakika ishirini. Sisi tulikuwa jikoni, tumesimama tu, sufuria iko motoni.

Jambo moja la rangi hatuwezi kuliacha. Kwenye boksi, picha ya mfano mara nyingi ina askari weupe, na vichupa vya rangi ya ngozi kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa ngozi hiyo. Mwanetu alipaka kumi wa kwanza kama picha ilivyoonyesha. Baba yake akauliza tu, “Hawa wote wametoka kijiji kimoja?” Hakujibu. Kesho yake alikuwa anachanganya kahawia nzito na nyekundu kidogo. Ngozi yetu, ndugu, ina kazi. Ukitia nyeupe ili kuiangaza inakuwa majivu, kama mtu asiyejipaka mafuta msimu wa baridi. Lazima uangaze kwa rangi ya chungwa au ya udongo mwekundu, na kivuli ukitie buluu au zambarau, na paji la uso litake mng’ao wake. Jioni nne tulikuwa tunatazamana nyuso chini ya taa, baba, mama na mtoto, tukibishana mwanga unakaa wapi kwenye shavu la baba. Hatukumbuki lini tena tulitazamana muda mrefu namna ile. Sasa yuko sajenti mmoja mwenye uso wa babu yake, na wako kina mama wapiganaji waliovaa majoho yenye miji na mapindo ya khanga. Jina la khanga halikuandikika. Brashi ina mipaka yake.

Sasa tuje kwenye swali la mzee.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu kama baba, alisimama mbele ya kabati baada ya ibada ya jumuiya, mikono nyuma, akatazama kwa muda. Kisha akasema, “Wanangu, sanamu hizi ni za nini?”

Lugha yetu inambana mtu hapo. Waingereza wana neno moja kwa mdoli, jingine kwa mnara wa shujaa bustanini na jingine kwa mungu wa kuchonga. Sisi tuna “sanamu” kwa vyote, na neno hilo tulikutana nalo mara ya kwanza katika Amri Kumi, tukiwa na miaka sita, tumesimama mbele ya mwalimu wa Shule ya Jumapili mwenye fimbo. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Na hajui hata nusu, maana hadithi za mchezo huu zina miungu minne ya giza, wa ghadhabu na damu, wa ugonjwa na uozo, wa anasa, na wa hila, na mapepo ya kila mmoja yanauzwa katika boksi lake. Mafuvu ndiyo usiseme. Wachongaji wa Nottingham wanapenda mafuvu kama Wapwani wanavyopenda pilau.

Tulimjibu mzee kwa yale tuliyokuwa nayo. Kwanza, kwetu sebuleni kuna kinyago cha Kimakonde kutoka Mwenge, watu wamepandana mabegani tangu shina hadi kilele, ambacho wachongaji hukiita ujamaa, na hakuna mchungaji aliyewahi kukigombeza. Wamakonde haohao wanachonga na mashetani, na watalii wanayabeba. Pili, katika Kutoka sura ya 31 mtu wa kwanza kusemwa kwamba amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ni Bezaleli, naye ni fundi: dhahabu, shaba, vito, mbao. Tatu, yule nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, watu wakapona. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia akamvunjavunja kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ileile. Kilichobadilika kilikuwa magoti ya watu.

Mwanetu alikuwa anasikiliza kutoka kwenye ngazi. Akasema, “Babu, kinyago nimekipaka mwenyewe, kitanitishaje?” Methali hiyo amefundishwa na bibi yake kwenye simu. Mzee alicheka mpaka akatoa leso. Lakini akatuambia akiwa mlangoni kwamba amefurahi, ila hajaridhika, na akatuomba tusilete yale mapepo. Hatujayaleta. Si kwa kuyaogopa. Mzee ameomba, naye anatuombea. Kijana alinung’unika siku mbili.

Kama tungeambiwa tuonyeshe mungu wa uongo yuko wapi katika mchezo huu, sisi tusingenyoosha kidole kwenye mafuvu. Tungeonyesha kwenye rafu ya duka. Wenye mchezo wenyewe wana jina la kujicheka kwa yale maboksi yaliyonunuliwa na hayajafunguliwa: wanaliita rundo la aibu. Boksi moja la wastani linakula mshahara wa saa kadhaa za usiku. Isaya sura ya 44 anamcheka mtu aliyekata mti, nusu akapikia chakula na kuota moto, nusu iliyobaki akaifanya mungu akaisujudia. Tunadhani angekuwa hai leo angepita na katika maduka haya. Nyumbani kwetu boksi jipya haliingii mpaka la zamani limalizike, na fedha yake inahesabiwa baada ya sadaka na baada ya ile ya bibi.

Hadithi za mchezo nazo zimetuletea maswali ambayo hatukuyapata kwenye vitabu vya kipaimara. Katika Warhammer 40,000 wanadamu wanamwabudu Mfalme wao, aliye mahututi juu ya kiti cha dhahabu kwa miaka elfu kumi. Alipokuwa mzima alikataza dini zote na kukana kwamba yeye ni mungu. Mwanetu aliuliza, akipaka kiatu: mtu akikataa kuabudiwa, na watu wakamwabudu kwa nguvu, kosa ni la nani? Tukafungua Matendo sura ya 14, pale Listra, ambapo watu walitaka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu, nao wakararua nguo zao kwa kukataa. Tulikaa na sura ile mpaka saa tano usiku. Kijana aliona kwamba Listra haohao ndio waliompiga Paulo mawe muda mfupi baadaye. Sisi tulikuwa tumesoma sura hiyo tangu ujana na hatukuwahi kusimama hapo.

Aliyetupa kazi kubwa kuliko mzee ni ndugu yetu kutoka Kivu ya Kusini. Wengi mnamjua, anapiga gita la besi. Aliletwa Uingereza na familia yake baada ya miaka mingi kambini. Alikuja kula kwetu, akaona meza, majeshi mawili yakikabiliana katikati ya nyumba za karatasi zilizobomolewa, na akabaki amesimama na koti lake. Tulidhani ni mambo ya mapepo tena. Akasema taratibu, “Miye sina shida na mashetani yenu. Shida yangu ni bunduki. Hii kitu niliikimbia, na hapa mnaichezea.”

Hapo hatukuwa na Bezaleli wa kumjibu. Tunajua kwamba wapo waliotetea mchezo huu kwa nia njema. Mwandishi H. G. Wells alichapa mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, kiitwacho Little Wars, na humo alipendekeza kwamba wakubwa wanaopenda vita wafungiwe mahali pakubwa na askari wao wadogo, sisi wengine tuachwe tuishi. Mwaka uliofuata vita kuu vikaanza, vikafika mpaka Tanga, na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi wakafa makumi kwa maelfu. Jina lao la Kiingereza ndilo lililobaki Kariakoo. Hoja ya Wells ni nzuri kwa mtu ambaye vita havijampitia mlangoni. Kumwambia ndugu yetu mambo hayo ingekuwa kumpa karatasi mtu aliyeomba maji.

Tulisoma Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, ile ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Paulo anajua kwamba sanamu si kitu. Anajua pia kwamba ujuzi wake si ruhusa ya kumkanyaga ndugu. Tukapanga hivi: siku ndugu huyu na watoto wake wakija, meza inakuwa tupu, na kabati linafunikwa kitenge. Mwanetu ndiye aliyeshona kitenge hicho, mama akishika kitambaa.

Miezi ikapita. Binti wa ndugu yetu, msichana wa miaka kumi, alifunua kona ya kitenge kama watoto wanavyofanya, akataka kupaka. Baba yake alifikiri kwa muda mrefu. Akasema anaweza, asipake mwenye silaha. Kwenye boksi la askari, kumpata asiye na silaha ni kazi. Mwanetu akachukua kisu, akakata bunduki kwenye mikono ya askari mmoja, na kwa ile lipu ya kijani inayokauka kama jiwe akamfinyangia mzigo kichwani. Plastiki inakatika kirahisi sana.

Ndugu yetu akakichukua kile kitu akakiweka kwenye kiganja. Akasema, “Hapana. Hakuna mtu anabeba hivi. Godoro linakunjwa, linafungwa na kamba mbele, na sufuria inakaa ndani.” Mwanetu akafinyanga upya. Akasema tena, mama hawezi kuwa na mikono mitupu, mkono huu una mtoto. Jioni ile, akisahihisha kidoli, alitueleza njia waliyopita, siku hadi siku, mito na vizuizi, na nani aliachwa wapi. Mke wake alikuwa ameshika kikombe cha chai hakukinywa. Alituambia baadaye kwamba baadhi ya mambo yale hata yeye alikuwa hajayasikia, na walipita njia moja.

Hatutayaandika hapa, si yetu. Tunasema tu kwamba hakuna aliyemwomba ushuhuda, na katika ibada, tulipokuwa tukiita watu wenye ushuhuda wasimame, hakuwahi kusimama.

Mpaka tunaandika haya wako watu 17, wa rangi zao, na nguo zao zimepakwa vitenge kwa brashi ndogo kuliko zote tulizo nazo. Hawachezwi. Hawawekwi pamoja na majeshi. Ndugu yetu amesema hivyo na mwanetu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mzee wa kanisa amewaona, akawauliza majina, na akaambiwa. Binti anataka wawekwe kanisani wakati wa Krismasi karibu na hori, kwa sababu, anasema, Yusufu na Mariamu nao walikimbilia Misri. Baba yake hajakubali bado. Anasema kwanza mbuzi apakwe upya, maana yule wa kwao alikuwa mweusi na doa jeupe kwenye mguu wa nyuma, wa kushoto, na sisi tumempaka wa kulia.